Mavi ya Chuma ya Mtaa wa Migombani

Ikupa alipopata kazi ya kuangalia mtaro Tunduma, shahada yake ya akiolojia ilikuwa na umri wa miaka sita na haikuwa imemwingizia hata siku moja ya ajira. Katika miaka hiyo alifundisha tuisheni Vwawa, akauza parachichi Mlowo, akachuma kahawa kwao karibu na Mbozi Mission, ambako majirani walizoea kumuuliza mama yake kwa upole kama binti bado anasomea mambo ya marehemu.

Kazi yenyewe ililetwa na masharti. Wafadhili wa mradi wa maji waliandika kwamba popote bomba kuu litakapopita mjini, lazima awepo mtaalamu wa malikale wa kutazama udongo unaotoka, ili kitu cha kale kikionekana kisije kikavunjwa. Lilikuwa sharti moja kati ya mia moja na kitu, katikati ya sharti la vyoo vya wafanyakazi na sharti la kupanda miti. Kampuni ya ushauri iliyopewa jukumu hilo ilitafuta mtu mwenye shahada, mwenye mabuti yake, anayeweza kuanza Jumatatu. Ikupa alikuwa na vyote vitatu.

Mtaro ulipita mtaa wa Migombani, mahali ambapo mgomba wa mwisho ulikatwa zamani ili kupisha maegesho ya malori. Upande mmoja kuna lami, na juu ya lami kuna foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Upande wa pili kuna fremu za maduka, wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha, na mikokoteni ya kuuza maji kwa dumu. Maji ndiyo yaliyokuwa kilio cha mtaa mzima. Mtu wa Migombani angeweza kukuonyesha lori lililobeba shaba ya mamilioni, na nyumbani kwake hana maji ya kunawa uso.

Injinia Gibson, msimamizi wa uchimbaji, alimpokea vizuri. Alimpa kofia ngumu, kiti cha plastiki, na reflekta iliyoandikwa MGENI mgongoni. Kisha akamkabidhi bahasha.

"Hizi ni fomu zako za kila wiki," alisema. "Nimekurahisishia."

Ikupa alifungua bahasha. Zilikuwa fomu kumi na mbili, na kila moja ilikuwa imeshajazwa kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu: *Hakuna kilichoonekana.* Ilibaki sahihi tu.

"Injinia, lakini wiki ya nane bado haijafika."

"Ikifika utaona kwamba nilisema kweli."

Gibson hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechimba mitaro ya maji kwa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia Kamsamba kwenye joto hadi Mbozi kwenye baridi, na kila mahali alitukanwa kwanza kwa kuchelewesha maji, halafu kwa kuharibu njia. Mambo mawili tu ndiyo yaliyomkosesha raha: mvua, na karatasi yenye jina lake. Ya mvua alijifunza kuvumilia. Ya karatasi, alihakikisha jina lake halikai juu ya kitu chochote kinachoweza kusomwa baadaye.

Ikupa hakusaini zile fomu. Alizirudisha kwenye bahasha, akaketi, akaanza kutazama udongo.

Mtaa nao ulianza kumtazama yeye. Siku ya kwanza walisema ni mtu wa kodi, na maduka manne yakafungwa. Siku ya tatu walisema ametumwa kupima nyumba za kubomoa. Mwisho wa wiki, mwenyekiti wa mtaa, bwana Zabron, alikuja mwenyewe kufanya utafiti. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kofia ya pama, na ndiye mmiliki wa fremu tatu mbele ya mtaro ambazo baraza lake lilikuwa limepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, maana liliingia kwenye hifadhi ya barabara, pale bomba lilipopangwa kupita.

"Binti, hujambo?"

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema nami kama baba yako. Unatafuta mali ya Wajerumani?"

"Hapana, Mwenyekiti. Natazama tu kama kuna mabaki ya watu wa kale."

Zabron aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa hasa alichotarajia. Jioni ile mtaa mzima ulijua kwamba Wajerumani walifukia dhahabu Migombani na serikali imeleta msichana mwenye macho ya kuiona.

* * *

Aliyeendesha mtambo wa kuchimba, ule ambao mtaani huitwa kijiko, alikuwa mwanamume mwembamba aitwaye Watson. Mama yake alikuwa Mnamwanga wa Tunduma na baba yake mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo alizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba na hakuona sababu ya kuvitenganisha. Alikuwa fundi kweli. Angeweza kuokota kizibo cha soda kwa meno ya kijiko bila kukikunja. Katika watu wote wa mradi, ni yeye pekee aliyemuuliza Ikupa ni vitu gani hasa anavitafuta, akasikiliza jibu hadi mwisho.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Watson alipozima mtambo bila kuambiwa.

"Dada, njoo uone. Udongo umebadilika, mukwai," aliita, akimalizia kwa neno la heshima la Kibemba.

Ikupa alishuka mtaroni. Udongo mwekundu ulikuwa umekatika ghafla, na chini yake kulikuwa na duara jeusi, pana kama mkeka, limeungua hadi kugeuka kama tofali. Pembeni palikuwa na mabonge mazito, meusi, yenye matundu na mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda. Katikati ya mabonge kulikuwa na vipande vya mirija ya udongo, vinene kama mkono wa mtoto, ncha zake zimeyeyuka kwa moto.

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Vitu hivyo alikuwa ameviona mara moja tu, chuoni, ndani ya boksi lenye namba, na mwalimu alikataza kuvigusa. Sasa alikishika kimoja kwa mikono miwili.

"Ni nini?" Watson aliuliza.

"Ni tanuri la kuyeyushia chuma. Hapa watu walipanga mawe ya chuma na mkaa, wakavukuta kwa viriba vya ngozi kupitia mirija hii siku nzima. Majembe ya nchi hii yote yalitoka kwenye mashimo kama hili, kabla ya jembe la dukani."

Watson alivua kofia yake ngumu. Kisha akashuka, akafunga mlango wa mtambo, akaweka ufunguo mfukoni.

Gibson alikuja mbio. Alitazama duara jeusi, akatazama bonge lililokuwa mkononi mwa Ikupa.

"Hilo nalo linaitwaje?"

"Mavi ya chuma."

"Mavi ya nini?"

"Ya chuma, Injinia. Ni takataka inayobaki chuma kikishatoka. Ndilo jina lake."

Gibson alivuta pumzi ndefu. "Dada yangu, mji huu una watu maelfu kwa maelfu hawana maji. Mgeni rasmi ameshapangiwa tarehe ya kufungulia bomba. Nikapige simu niseme kazi imesimama kwa ajili ya mavi?"

"Sema kazi imesimama kwa ajili ya kipengele cha saba."

Kipengele cha saba kilikuwa kwenye mkataba, kimeandikwa wazi: kitu cha kale kikionekana, kazi isimame mahali hapo, taarifa itolewe, na uchimbaji usiendelee hadi maelekezo yatakapotolewa kwa maandishi. Gibson alikisoma mara mbili, amesimama juani. Ilionekana ni mara ya kwanza mtu yeyote kukisoma, pamoja na aliyekiandika.

Ikupa alimpigia simu Gasper, bosi wake katika kampuni ya ushauri. Alitegemea atafurahi.

"Umeona kitu?" Gasper alisema, na sauti yake ikashuka. "Kitu gani?"

"Tanuri, bosi. Zima kabisa, sehemu ya chini yote ipo."

"Ikupa, nikuulize kwa utaratibu. Kwa nini umeona?"

"Si ndiyo kazi mliyonipa, bosi? Kuangalia."

"Tulikuajiri uangalie. Hatukukuajiri uone. Miradi mitano tumefanya, hakuna mtu aliyewahi kuona kitu. Sasa mimi hata sijui fomu ya kuona ikoje."

Akaahidi atapiga baadaye. Ikupa akaazima turubai, akalifunika tanuri, akaweka mawe kwenye pembe nne.

* * *

Turubai ndilo lililoharibu mambo. Kitu kilichoachwa wazi Tunduma hakimshangazi mtu, lakini kilichofunikwa kwa turubai, hasa karibu na mpaka, lazima kina thamani. Kabla ya saa sita mchana watu walikuwa wamejaa kwenye ukingo wa mtaro kama wanaosubiri mechi. Mmoja aliapa amemwona Ikupa akilia. Mwingine akaeleza kwamba mtu halii kwa kuona udongo, hulia kwa kuona dhahabu.

Mwenyekiti Zabron alipenya umati hadi kwa Gibson.

"Injinia, sasa bomba litapita wapi?"

"Kama malikale yatabaki, bomba litapinda. Litapitia pembeni."

"Litapinda," Zabron alirudia, akiionja kauli hiyo. Macho yake yalitembea kutoka kwenye turubai hadi kwenye baraza lake lenye X nyekundu, hatua chache tu mbele. "Kumbe malikale yanapindisha bomba."

Keshoyake aliitisha mkutano wa mtaa. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya mababu, juu ya mtu asiyejua atokako, na juu ya aibu ya kizazi kinachothamini maji kuliko historia. Waliomsikiliza walikuwa wamekaa juu ya madumu matupu. Mwishoni uliandikwa muhtasari uliosema kwamba wananchi wa Migombani wanataka bomba lipinde kila palipo na malikale, kwa gharama yoyote, na bila kujali kitu gani kipo pembeni. Zabron akausaini, akaupiga mhuri wa mtaa, akaandika tarehe, akatoa nakala saba na kuzipeleka ofisi zote alizozijua.

Kisha malikale yakaanza kuota.

Jumamosi asubuhi, mbele kabisa ya baraza la Zabron, lilionekana jiwe la kusagia likichungulia udongoni. Jumapili likaja jembe la kizamani lisilo na mpini. Jumatatu, wenye maduka wengine waliopigwa X nao wakawa wamebarikiwa: kwa fundi simu palipatikana kinu, kwa muuza magodoro pakapatikana pembe ya ng'ombe na kengele ya shingoni. Kila aliyegundua alimwita Ikupa kwa heshima, akamwekea kigoda, akamweleza kwamba babu alishawahi kusema.

Ikupa alikagua vyote kwa uaminifu, maana hakutaka aonekane anadharau. Alipiga magoti, akapitisha brashi kwenye jiwe la kusagia. Brashi ikarudi nyeupe.

"Mwenyekiti, hili lina unga."

"Ndiyo, walisaga sana wazee wetu."

"Unga wenyewe bado una unyevu."

"Ardhi ya hapa inatunza sana," alisema Zabron bila kupepesa.

Jumanne ikawa zamu ya chungu. Kilitoka mbele ya fremu ya kati, kikubwa, cheusi, kizuri kweli, na Zabron alikwishaita watu wakashuhudie. Alikuwa anaeleza kwamba kwa macho yake hakipungui miaka mia nne, wakati mama Imelda alipotokea upande wa pili wa barabara amejifunga kanga, mwiko bado mkononi. Mama Imelda alikuwa na mgahawa uliolisha nusu ya madereva wa malori wa Migombani. Makande yake yalijulikana hadi Nakonde.

"Mungu wangu," alisema. "Chungu changu."

"Mama, hiki ni cha kale," Zabron alimwambia kwa sauti ya mkutanoni. "Kimetoka ardhini."

"Kimetoka jikoni kwangu. Kilinipotea juzi, siku mbili nimepikia sufuria wateja wanalalamika. Angalia ukingo hapa, pengo. Binti yangu Gwalugano alikigonga kwenye bomba la kisima akiwa darasa la tatu."

"Chungu hiki kina miaka mia nne!"

"Basi na Gwalugano ana miaka mia nne, aache kunisumbua nimtafutie mchumba."

Umati ulicheka hadi madereva wakashuka kwenye malori kuuliza kuna nini. Mama Imelda alikipindua chungu, udongo ukamwagika, na pamoja nao zikatoka punje tatu za mahindi na harage moja, vimeiva vizuri. Akakiweka kichwani, akaondoka nacho. Kufikia jioni jembe, kinu, pembe na kengele vilikuwa vimerudi kimyakimya makwao, na hakuna babu aliyewahi kusema chochote.

Ikupa hakucheka. Alijua kinachofuata. Tangu siku ile Gibson alianza kuliita tanuri lake "chungu chako", na Gasper alipopiga simu hatimaye, swali lake la kwanza lilikuwa kama ana hakika kwamba tanuri nalo si la mama fulani.

* * *

Kamati iliyoundwa kuamua hatima ya tanuri ilifika Ijumaa. Walikuwa kumi na mmoja katika magari matatu. Walisaini mahudhurio, wakagawana maji ya chupa, wakavaa reflekta mpya zenye mikunjo ya dukani, wakasimama kuzunguka tanuri. Ikupa alieleza. Alieleza vizuri, tena kwa moyo. Alionyesha mahali hewa ilipoingilia, mahali takataka ilipotokea, jinsi udongo ulivyobadilika rangi kwa joto. Alisema hapa chini ya foleni ya malori yaliyobeba shaba kulikuwa na kiwanda, na waliokimiliki walikuwa watu wa hapa hapa.

Mwenyekiti wa kamati alisikiliza akiwa ameshika kidevu. "Haliwezi kuhamishwa?"

"Ni shimo, mheshimiwa."

"Naelewa. Lakini shimo haliwezi kuhamishwa?"

"Tunaweza kuhamisha udongo. Shimo litabaki."

Mjumbe mmoja aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Mwingine alimvuta Ikupa pembeni, akamuuliza kwa kunong'ona dhahabu ilikuwa kiasi gani. Kisha kamati ikaenda kula kwa mama Imelda, na baada ya kula ikatoa uamuzi: tanuri litambuliwe, lithaminiwe, lilindwe, na lisikwamishe mradi. Bomba lipite lipitapo kwa kuzingatia ushauri wa wataalamu. Maelekezo ya maandishi yatafuata.

"Kwa hiyo nichimbe au nisichimbe?" Gibson aliuliza.

"Zingatia ushauri," alijibu mwenyekiti wa kamati, na magari matatu yakaondoka.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mgeni rasmi. Maelekezo ya maandishi hayakuja. Gibson alishinda siku mbili anazunguka turubai kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua. Jumapili asubuhi, wakati mtaa mzima uko ibadani na foleni yenyewe imelala, alimwita Watson kazini.

Ikupa alikuwa kanisani, safu ya pili ya kwaya, wimbo wa pili umeanza, simu ilipotikisika ndani ya kijitabu cha nyimbo. Ujumbe ulitoka kwa Watson: *Dada wanasema nichimbe. Mashine nimewasha. Nimewaambia inachelewa kupata moto. Harakisha mukwai.*

Alitoka na joho lake jeupe la kwaya, mkoba begani, akapanda bodaboda, akashuka mtaroni bila kuaga wala kusalimia. Turubai lilikuwa limeshaondolewa. Kijiko kilikuwa kimeinuliwa juu, na Watson ndani yake anasikiliza injini kama daktari, akitikisa kichwa kwamba bado. Ikupa aliingia katikati ya duara jeusi akakaa, joho na vyote.

"Toka, dada," Gibson alisema. "Nakuomba."

"Natoka sasa hivi, Injinia." Alitoa daftari lake na kalamu, akavinyanyua juu. "Andika tu hapa: mimi Gibson, leo, naamuru tanuri lichimbwe. Saini. Nikishaipata nanyanyuka."

Gibson aliitazama kalamu. Jasho lilikuwa linamtiririka, ingawa jua lilikuwa bado dogo.

"Mimi nimeagizwa tu."

"Basi aandike aliyekuagiza."

Akampigia aliyemwagiza. Walisikia upande wake tu: "Ndiyo, mkuu... Yumo ndani, amekaa... Sawa, nichimbe. Sasa mkuu unitumie basi hata ujumbe mfupi... Haloo? Mkuu? Haloo?" Akaitazama simu. "Mtandao umekata," alisema kwa aibu. Akapiga kwa mwingine, huyo akasema suala hilo ni la kamati. Wa kamati akasema kamati imeshamaliza kazi, suala ni la washauri. Gasper, mshauri, alisema yuko msibani, na nyuma yake zikasikika kelele za mpira. Kwa saa nzima Gibson alipiga simu, na kila mtu alimwambia achimbe, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuandika hivyo.

Hatimaye Watson alizima injini, akashuka, akaketi kwenye ukingo wa mtaro.

"Injinia, nina swali la kijinga. Kwani elbo hatuna?"

"Elbo gani?"

"Zile za kupindishia bomba. Ziko nne stoo. Elbo mbili hapa, elbo mbili pale mbele, bomba linazunguka hili shimo hatua tatu. Kazi ya siku mbili. Mimi tangu siku ya kwanza nilidhani mnajua."

Gibson alimwangalia, kisha akaangalia mtaro, midomo yake ikihesabu. Alikuwa injinia kabla hajawa mtu wa kuogopa karatasi, na sasa uinjinia ulianza kumrudia usoni.

"Kuzungukia upande wa lami haiwezekani," alisema taratibu. "Kibali cha kukata barabara ni miezi. Upande mwingine..." Akageuka. Upande mwingine zilisimama fremu tatu za Zabron. Kwa mstari wa zamani lingekatwa baraza tu. Kwa mstari mpya, bomba lingepita sebuleni, kama kungekuwa na sebule. "Hapo mwenye mali atakwenda mahakamani. Bila idhini yake siwezi."

Ikupa alinyanyuka, akajikung'uta masizi yaliyoganda kwenye joho. Ndani ya mkoba wake, kati ya Biblia na fomu ambazo hakuzisaini, kulikuwa na nakala mojawapo kati ya zile saba za muhtasari wa mtaa, aliyomletea Zabron mwenyewe. Alimpa Gibson asome: *bomba lipinde kila palipo na malikale, kwa gharama yoyote, na bila kujali kitu gani kipo pembeni.* Chini yake sahihi, mhuri, tarehe.

Gibson aliusoma muhtasari ule kwa mapenzi ambayo hakuwa ameyaonyesha kwa kitu chochote tangu mradi uanze. Katika mradi mzima wa maji, mwaka mzima, ofisi zote, hiyo ndiyo karatasi pekee ambayo mtu alisema jambo akaliwekea jina lake.

* * *

Zabron alipiga kelele siku mbili. Alisema muhtasari haukumaanisha hivyo, kwamba malikale aliyoyakusudia ni yale mengine. Alipoulizwa ni yapi, alimwona mama Imelda amesimama karibu, akaanza kurekebisha kofia yake ya pama. Fremu zilivunjwa Jumatano. Ikupa alikwenda kumwambia pole, maana hakuwa na furaha kuona matofali ya mtu yanaanguka, hata yaliyojengwa juu ya hifadhi ya barabara. Zabron aliipokea pole ile kwa huzuni kubwa, na baada ya wiki moja huzuni ikageuka kuwa heshima. Alianza kusema kwamba alitoa eneo lake kwa ajili ya historia. Alilisema mara nyingi hadi akaliamini, na kwenye uchaguzi wa mtaa uliofuata aligombea kama mlinzi wa malikale, akapita.

Mgeni rasmi alikuja siku yake. Alifungua bomba, maji yakatoka ya kahawia, kisha yakawa meupe, na kina mama waliimba kwa furaha ya kweli ambayo hakuna risala ingeweza kuiharibu. Katika hotuba alisifu mradi kwa kugundua tanuri la kale. Aliwapongeza wafadhili, kamati, mkandarasi, washauri na uongozi wa mtaa. Gasper, ambaye alikuwa amefika kwa ajili ya siku hiyo tu, alisimama kupokea makofi kwa niaba ya wote walioona.

Ikupa na Watson hawakuwa hemani. Walikuwa kwa mama Imelda wanakula, kwa kuwa sahani zilizopangwa kwa wageni ziliishia kwa kamati. Gibson aliwafuata huko, akavuta kiti, akakaa.

"Mtaro wa Mlowo unaanza mwezi ujao," alisema. "Nimeomba wakulete wewe."

"Mimi? Na mateso yote haya?"

"Umeandika kila kitu, dada. Kila siku, kila saa. Wakija kuniuliza, nina majibu." Akashusha sauti. "Tena ile mirija. Nilirudi kuitazama jana, peke yangu. Walivyoiinamisha, yote ina pembe moja. Bila kipimo. Hao watu walikuwa mafundi."

Ikupa alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Mezani pembeni yao walikuwa wamekaa madereva watatu wa Zambia, na mmoja akamuuliza mama Imelda lile shimo lililozungushiwa uzio pale nje ni la nini. Mama Imelda aliweka sahani chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Aliwaeleza juu ya mkaa na mawe, juu ya wanaume waliovukuta kutwa nzima na nyimbo walizoimba ili wasichoke, juu ya mabonge meusi na kwa nini yana matundu. Nyimbo alizibuni yeye. Mengine yote aliyasema sawasawa, kwa mpangilio mzuri kuliko ripoti yoyote, na alipofika kwenye jina la yale mabonge alilitamka wazi, bila kupunguza sauti, na madereva waliokuwa wanakula hawakuacha kula.

"Awe!" mmoja wao alisema kwa mshangao. "Hapa hapa?"

"Hapa hapa," alijibu mama Imelda. "Ongeza makande?"